Matanga ya Mwingereza

Mimi nafundisha muziki katika shule ya wasichana hapa Nakuru, na tangu nikiwa chuoni nimempenda mwanamume mmoja aliyekufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Mume wangu anajua. Alishazoea. Akinikuta jikoni nimeacha vitunguu viungue huku nimefumba macho, huuliza tu, "Ni yule Mwingereza tena?" kisha anazima moto.

Jina lake sitaliandika. Mama yangu hakuweza kulitamka, na kwa kuwa habari hii ni ya mama zaidi, nitamwita alivyomwita yeye: Mwingereza. Alikuwa mtunzi wa muziki kule London, enzi ambazo wanaume wakubwa walivaa nywele za bandia hadi mabegani. Alifiwa na baba akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mdogo. Akaimba katika kwaya ya mfalme mpaka sauti ikavunjika, na ilipovunjika hawakumfukuza, walimpa kazi ya kutunza vinanda na kuvirekebisha. Baadaye alitunga kila kitu: nyimbo za kanisani, nyimbo za michezo ya kuigiza, hata nyimbo za walevi ambazo mimi huwaficha wanafunzi wangu na ambazo wao huzipata kwenye simu kabla kipindi hakijaisha. Akafa kijana, kichwa hakijaota mvi.

Nilichompendea zaidi ni besi. Alikuwa akichukua noti chache tu za sauti ya chini, zinashuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi huku ameshika ukuta, halafu anazirudia. Zinakwisha, zinaanza tena, vilevile, mpaka mwisho wa wimbo. Juu yake sauti ya kwanza inalia, inatangatanga, inachelewa, inagoma. Besi haikasiriki wala haiifuati. Inarudi tu, na ukisikiliza vizuri utagundua kwamba bila besi hiyo yule anayelia angeanguka.

Kwa Kiingereza besi ya namna hiyo huitwa "ground", yaani ardhi. Nilipowaambia hivyo vijana wangu wa besi katika kwaya ya kanisa ninayoifundisha mtaa wa Kaptembwo, mmoja wao, fundi wa magari, mtu wa maneno, aliinua mkono akatumia ule msemo wa mitaani kwamba mashinani mambo ni mengine: "Sasa hapo tumeelewana, mwalimu. Ground vitu ni different." Besi yote ikacheka mpaka nikapiga meza. Kuanzia siku hiyo hawakuiita besi tena. "Mwalimu, tuanzie ground?" Na mimi nikaanza kuiita hivyo, nitafanyaje.

Tulikuwa tukitayarisha wimbo wake mmoja ambao malkia anauimba karibu na kufa kwake, ndani ya mchezo wa kuigiza. Niliuandika upya kwa solfa, kwa sababu kwaya yangu inasoma solfa jinsi watu wengine wanavyosoma gazeti. Malkia wetu alikuwa msichana anayefungasha maua kwenye shamba moja la Naivasha. Anakaa Karagita, mtaa wa hukohuko, na hupanda gari kila Jumamosi kuja mazoezini. Sauti yake ni safi sana, na mimi si mtu wa kusifu ovyo.

Mama aliishi hapohapo Kaptembwo, kwenye ploti ambayo baba aliijenga chumba baada ya chumba alipotoka kazi ya reli. Walikuja Nakuru kutoka magharibi wakiwa wametoka tu kuoana, wakakaa kwenye nyumba za reli, na mimi nikazaliwa huko. Baba alishatangulia. Mama alibaki na magoti mabovu, wapangaji wasumbufu na hamu ya kujua habari za kila mtu. Tangu nianze kufundisha, aliacha kuniita jina langu, akawa ananiita Mwalimu, nusu kwa heshima na nusu kwa kunicheka. Alijua walimu wenzangu wote kwa magonjwa yao: yule wa presha, yule wa sukari, yule ambaye mume alimwacha. Na alijua kwamba nina Mwingereza ninayemsoma.

Jioni moja katikati ya wiki nilipita kwake. Alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, maana mchana kutwa nilikuwa nimesoma juu ya siku zake za mwisho, na haijalishi nimezisoma mara ngapi, kila mara natumaini atapona.

"Una nini?" mama akaniuliza.

"Ni yule Mwingereza wangu, Mama. Amekufa kijana sana. Ameacha mke na watoto wadogo."

Mtu wa sarufi ameshaona. Ilipasa niseme alikufa. Ukisema "alikufa," hiyo ni habari tu, mtu anaweza kuendelea kuchambua maharagwe. Ukisema "amekufa," maiti bado iko ndani ya nyumba. Mimi ninayewapigia wasichana wa watu kelele juu ya silabi, nilisema "amekufa" kwa sababu hivyo ndivyo nilivyohisi.

Mkono wa mama ulisimama ndani ya uteo. "Woi. Alikuwa mgonjwa?"

"Wanasema ni kifua."

"Woi, woi. Na vile umekuwa ukimtaja tangu uende chuo." Akatikisa kichwa. "Pole sana, mama. Pole."

Nilidhani ananionea huruma tu kwa kuwa nina mapenzi ya ajabu. Nikanywa chai yake, nikaenda nyumbani.

Jumamosi nikafika Kaptembwo kwa ajili ya mazoezi, nikapita kwa mama kwanza kama kawaida. Viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa uani. Sufuria kubwa ya chai ilikuwa motoni. Akina mama wa kikundi cha kanisa walikuwa wameketi, leso zimefungwa viunoni, na ukutani kulikuwa na mifuko ya unga, sukari na majani ya chai. Waliponiona wakasimama, wakaanza wimbo wa faraja. Niliangaza macho nikimtafuta mama, na nilipomwona mzima akiwa na sufuria ya maziwa mkononi, nikaweka mkoba chini.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Wakatazamana. Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mnene wa rika la mama yangu, tena wa kwao kabisa, akanishika mkono. "Keti, mwalimu. Tunajua ni mshtuko. Tumekuja kulia na wewe. Mwalimu wako wa chuo, yule mzungu."

Nilielewa polepole. Nikawa sijui kama nicheke au nikasirike, na mimi nikiwa sijui hivyo, huwa nakasirika.

"Mama!" nikasema. "Uliwaambia nini? Huyu mtu alikufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita! Hata reli haikuwa imeletwa hapa!"

Chai ikachemka ikafurika, hakuna aliyeigusa.

"Lakini ulisema amekufa," mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyedanganywa. "Si ulisema amekufa?"

Mwenyekiti alitazama mifuko ukutani. "Sasa tumekuja na sukari," akasema. "Tutarudi nayo?"

Mmoja akaanza kucheka kwa pua, akajizuia, akashindwa, na wote wakaangua kicheko, hata mama, hata mimi. Tulicheka mpaka mpangaji mmoja akachungulia dirishani. Lakini walipomaliza kufuta machozi hawakuinuka kuondoka. Walikuwa wameshaacha kazi zao na chai ilikuwa tayari. Na kwa akina mama hawa, ukishakuja kilioni umekuja. Mwenyekiti akajiweka sawa kwenye kiti, akaniuliza kile ambacho huulizwa mwenye msiba yeyote: "Haya, mwalimu. Tuambie. Alikuwa mtu wa aina gani?"

Nimesikiliza wasomi wengi wakimzungumzia Mwingereza. Hakuna aliyewahi kuniuliza maswali kama yale. Aliachwa na baba akiwa wa umri gani? Huyo baba mdogo alimtunza vizuri, au ilikuwa ile ya kulalia jikoni? Nikasema nadhani alimpenda, alimwita mwanawe. Wakaguna kwa kuridhika: basi huyo hakuwa yatima. Nani alimzika? Nikawaambia alizikwa ndani ya kanisa, karibu na kinanda alichokuwa akipiga, na kwamba muziki aliomtungia malkia wa nchi alipofariki ndio waliouimba kwenye mazishi yake yeye, kabla mwaka haujaisha. Mmoja akasema, "Alijishonea sanda bila kujua." Na mke? Mke alibaki, akazikusanya nyimbo zake akazichapisha ili watoto wale. "Mwanamke huyo," akasema mwenyekiti, "huyo angekuwa wa kikundi chetu."

"Watoto walikuwa wangapi?" mama akauliza.

"Walioishi ni wachache tu, Mama. Wengine walikufa wachanga. Alizika mmoja, akazika mwingine, akazika mwingine tena, hawajafika hata mwaka."

Mama alikuwa akimimina chai. Aliendelea kumimina, lakini polepole.

"Waliimbiwa?"

"Nini, Mama?"

"Hao wachanga. Baba yao alikuwa mwimbaji. Aliwaimbia?"

Nilifikiri. Katika vitabu vyote nilivyosoma sikuwahi kukutana na swali hilo, achilia mbali jibu. "Sijui," nikasema. Mama akaitikia kwa kichwa. Niliona akina mama wengine wameinamia vikombe vyao.

Walipoondoka, sukari wakaiacha, niliosha vikombe na mama akafuta. Niliendelea kumchekesha juu ya matanga yake ya mzungu, lakini hakuwa akicheka tena.

"Kulikuwa na mwingine mbele yako," akasema.

Nilijua. Yaani, nilijua jinsi watoto wanavyojua mambo ya nyumbani: shangazi aliwahi kuteleza ulimi, baba akabadilisha mazungumzo. Mama mwenyewe hakuwahi kutamka. Siku hiyo alinihadithia akiwa amesimama na kitambaa mkononi, bila kunitazama. Alikuwa msichana. Aliishi wiki chache, kwenye nyumba za reli, akapata joto la mwili, na asubuhi moja hakulia. Kwao, mtoto ambaye hajaota meno hana matanga. Hapewi jina mbele za watu, haimbiwi, wanaume hawaitwi. Akina mama watu wazima humchukua mapema na kumzika kimya, na mzazi hafuati. Baba alikubali wamfunge kwa leso mpya ya mama, ile aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Wakaenda naye makaburini upande wa pili wa mji. Mama hakuonyeshwa ni wapi.

"Waliniambia nisilie," akasema. "Ukimlilia mchanga, tumbo linafunga, huzai tena. Basi nikapika. Nilimpikia babako ugali, maziwa yananitoka mpaka nguo imelowa mbele, nikasonga ugali. Sikulia. Nilikuwa nataka mwingine."

"Nilikuwa nataka wewe," akaongeza, kana kwamba sikuelewa.

Nilimkumbatia, kitambaa na kikombe na kila kitu. Mama hakuwa mtu wa kukumbatiwa, alisimama tu kama nguzo mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kuhusu wimbo tuliokuwa tukifanya. Ulikuwa wa nani? Nikamwambia ni wa malkia anayekufa.

"Malkia ana watu wake," mama akasema. "Nataka wa mtoto. Niimbiwe wa mtoto kabla sijaenda nilale na babako."

Hilo ndilo alilolitaka, na baada ya siku hiyo hakuacha kulitaka. Akinipigia simu anazungumzia wapangaji, maji, magoti, halafu: "Na ile kitu?" Mimi ningeweza kuleta kwaya yangu siku yoyote. Lakini mama hakutaka ifanyike kwa kujificha, kama ilivyofanyika mara ya kwanza. Alitaka wale akina mama wakae uani na wajue wamekuja kwa nini, na mwenyekiti akakataa.

Hakukataa kwa ubaya. Alikuja kwa mama baada ya ibada Jumapili, nikiwepo, akaketi ukingoni mwa kiti. "Dada yangu," akasema, "hata mimi ningependa. Lakini unajua hiyo kitu haifanywi. Mtoto wa bila meno haimbiwi. Unafungua mlango, hujui nini kitaingia."

Nilishafungua mdomo wangu. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, juu ya mila na wanawake na nani aliyezitunga, na ingekuwa hotuba nzuri sana. Mama akaniwekea mkono gotini, maana yake nyamaza.

"Mimi na wewe tumezeeka," akamwambia mwenyekiti. "Waliniambia tumbo litafunga. Lilishafunga lenyewe, zamani. Sasa niambie, dada, wananitisha na nini kingine?"

Mwenyekiti alitaka kutabasamu, mdomo ukakataa. Alikunjakunja ncha ya leso. Mwishowe aliinuka, na alipofika mlangoni akauliza bila kugeuka, "Nije na viti vya kanisa, au viko vya kutosha?"

Tulifanya Jumamosi mchana, baada ya chakula. Akina mama walikuja wote. Vijana wangu wa besi walikuja, yule fundi wa magari akiwa ameosha mikono lakini kucha bado nyeusi kwa mafuta, na safari hii hakusema neno la kuchekesha. Malkia wetu wa Karagita alifika amevaa gauni lake la kuimbia. Nilikuwa nimembadilishia maneno, nimeyaandika kwa Kiswahili, juu ya mtoto na usingizi, na nilijivunia maneno hayo. Nikampelekea mama nimsomee.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni mazuri," akasema. "Lakini ni ya nani?"

"Ya mtoto, Mama."

"Mtoto wa wiki chache anajua maneno?" Akamgeukia msichana, akamshika mkono. "Wewe keti, mama, umetoka mbali, kunywa chai. Wacha hawa waimbe ile ya chini. Ile inayozunguka."

Ninakiri niliumia kidogo, kwa niaba ya msichana na kwa niaba ya maneno yangu. Kisha nikaona mama yuko sahihi. Hapangekuwa na malkia siku hiyo. Wimbo wote wa Mwingereza, yale yote yaliyomfanya awe mkubwa, tukayaweka kando, tukabaki na noti chache zinazoshuka.

Mama aliketi kwenye kiti mlangoni pake. Nikasimama mbele ya besi, nikainua mkono, wakaanza kuguna wakiwa wamefumba midomo. Noti zikashuka, zikafika chini, zikarudi juu zikaanza kushuka tena. Majirani walizima redio. Mara ya kwanza na ya pili mama alikaa tu, mikono mapajani, uso umekazwa, kama mtu anayengoja jina lake liitwe hospitalini. Akina mama walianza kuguna nao, juu kidogo ya wanaume. Niliona mwenyekiti amejifunika uso kwa leso na mabega yanatikisika, na mwenzake karibu naye vilevile, na yule wa nyuma. Ndipo nilipofahamu kwa nini waliinamia vikombe siku ile.

Kisha mama akalia. Alilia kwa sauti, jinsi wanawake wa kwao wanavyolia matangani, ile ya kutoka tumboni, na mimi sikuwahi kumsikia akilia hivyo, hata tulipomzika baba. Nilitaka kuacha kila kitu nimkimbilie. Mwenyekiti aliinuka kama anayetaka kumshika, akafikiri, akaketi tena, akamwacha alie. Besi hawakusimama. Nilikuwa nimewafundisha mwaka mzima kwamba hata mwenzao wa juu afanye nini, wao warudi tu, na walirudi.

Wimbo wa namna hiyo hauna mahali pake pa kuishia. Mtu lazima aamue. Nilingoja kilio cha mama kishuke, kikashuka, akabaki anahema. Nikateremsha mkono, wakanyamaza.

Katika kimya hicho mama akaita jina langu. Hakusema Mwalimu. Aliita jina langu la nyumbani, lile alilonichagulia yeye mwenyewe nilipozaliwa, ambalo tangu baba afariki hakuna anayelitumia.

"Niko hapa, Mama," nikasema, nikageuka haraka.

Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa ametazama upande wa pili wa mji, juu ya mabati, machozi yakiendelea kumtiririka taratibu.

"Si wewe, mama," akaniambia kwa upole. "Namwita mwenye jina."

Akaliita tena. Mara hii sikuitika.